Ngumi Aliyoishona Eufrazia

Habari za Eufrazia niulizeni mimi, msimuulize Deo. Deo atawaambia kwamba yeye ndiye aliyemtoa kijijini, akamfundisha kazi, akamfanya mtu. Uongo mtupu. Eufrazia alikuja mtaani kwetu Mji Mpya na ujuzi wake kichwani, akapanga chumba kinachopakana na duka langu la ushonaji. Ukuta wetu ulikuwa wa mbao, kwa hiyo kila harusi aliyoihariri kwenye kompyuta yake niliisikia. Nimesikia maharusi wakiapa, mashangazi wakipiga vigelegele, wenyeviti wa kamati wakitoa hotuba zisizoisha, na yeye akirudisha nyuma, anasikiliza, anarudisha tena, mpaka nikajikuta nakanyaga cherehani kwa mwendo wa sherehe za watu nisiowajua.

Leo chumba kile kinauza chipsi. Wateja wakiniuliza yule dada wa video yuko wapi, nawajibu kwamba amechoka. Wengi hawataki kujua zaidi ya hapo, nami sina nguvu ya kuwaeleza wote.

Alizaliwa juu milimani, Mgeta, katika kijiji kilichoshikamana na kanisa la misheni, wazazi wake wakulima wa kabichi na njegere. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ndogo. Akikasirika hakupayuka kama mimi. Alinyamaza tu akaendelea na kazi, na hapo ndipo ulipotakiwa kuogopa. Hakuolewa. Wanaume walikuja, wakaona anavyowatazama, wakaaga. Aliwahi kuniambia kwamba akiongea na mtu yeyote macho yake yanatafuta pale ambapo angemkata, yaani pale sentensi inapokwisha na mtu anapovuta pumzi. Nilicheka sana siku ile.

Watu walimwita mkataji, na jina hilo hakulipenda.

"Mama Luqmani," aliniambia, "kukata hata panya anakata. Kazi yangu ni kuunganisha, na kuunganisha kwenyewe ni hivi: mtu asijue kwamba kuna kitu kimeunganishwa."

Hilo nililielewa bila kuelezwa zaidi. Mkono wa shati unaushona kwapani, ambako hakuna anayetazama, na mvaaji akitoka nje watu wanaona shati, hawaoni mshono. Tangu siku ile tukawa marafiki. Mimi Mwislamu wa upande wa Mkuyuni, yeye Mkatoliki wa Mgeta, wote Waluguru, wote tunashona.

Kisha akaja Deo. Jina lake kamili ni Deogratias, lakini alitaka aitwe dairekta. Alivaa kofia hata ndani ya nyumba na pete pana kidoleni, akipiga domo kuhusu filamu zake ambazo hakuna aliyeziona. Alikuwa na hadithi: kijana anarudi kwao kutoka mjini, anakuta mjomba wake ameuza ardhi ya ukoo, wanapigana kwenye migomba, mjomba anaanguka. Alitaka milima, ukungu, na waigizaji wasio na makuu. Eufrazia, kwa moyo wake mwema, akampeleka kijijini kwao.

Kwa msiotujua, ngoja niwaambie jambo moja, maana bila hilo hamtaelewa kitu. Kwetu Waluguru ukoo unakwenda kwa mama. Tunauita lukolo. Ardhi ni ya lukolo, na anayekuonyesha pa kulima si baba yako, ni kaka wa mama yako. Mjomba ndiye anayekupa shamba, ndiye anayekusemea ukitaka kuoa, ndiye anayeitwa ukipata balaa. Kumtukana mjomba ni jambo la kuitiwa kikao. Kumpiga mjomba hata mlevi hafanyi. Deo si Mluguru. Kwake ilikuwa sini tu, kipande kizuri cha filamu cha kupigana, basi.

Pale kijijini palikuwa na mzee mmoja, Mzee Andrea, ambaye kila Ijumaa Kuu kwenye maigizo ya mateso pale parokiani alikuwa Pilato. Alikuwa na sauti ya kufika mpaka ng'ambo ya bonde, na alipenda kuigiza kuliko kula. Huyo akawa mjomba wa kwenye filamu. Kijana akawa Stefano, mpwa wake wa kweli, mtoto wa dada yake Rosa. Stefano alikuwa mkulima aliyetulia, ana mke na watoto wadogo, anaishi kwa shamba moja zuri kando ya kijito ambalo Mzee Andrea alimpa. Shamba lenye maji yake, kabichi mwaka mzima. Kijiji kizima kililitamani lile shamba. Kwenye maigizo ya parokia Stefano huwa askari wa Kirumi, na kazi yake ni kumchapa Yesu mijeledi. Deo alipomchagua alisema kwamba ndugu wa kweli wana sura za kufanana na watazamaji wataamini. Hapo tu alisema kweli.

Mimi nilipanda nao kwa ajili ya nguo. Nilimshonea Stefano mashati mawili ya buluu yenye mistari, kitambaa kimoja, vipimo vimoja, moja la kuchanwa na jingine la akiba. Eufrazia ndiye aliyeagiza hivyo. Alikaa pembeni siku nzima akiwapiga picha kwa simu yake: kola imekaaje, jasho limefika wapi, kofia ya mzee imeinama upande gani. Alisema ugomvi unarekodiwa vipande vipande, asubuhi na mchana, na usipokuwa mwangalifu mtu anarusha ngumi shati likiwa zima, ngumi inafika shati likiwa limechanika.

Waliingia kwenye migomba ya Mzee Andrea bondeni, na watoto wote wakafukuzwa kwa sababu ya kelele. Stefano akaambiwa amkamate mjomba wake kola. Akamkamata kama anayempangusa vumbi. Akaambiwa ainue ngumi apige, halafu asimame kabla haijafika usoni. Akainua. Ngumi ikakaa juu, ikashuka.

"Siwezi," akasema. "Huyu ni mjomba."

"Nipige, bwana, ni maigizo!" Mzee Andrea akamwambia. "Mbona Bwana Yesu unamchapa kila mwaka?"

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Stefano akajaribu tena, na tena. Mkono unapanda vizuri, kwa hasira hasa, halafu unaishiwa nguvu hewani. Mara ya mwisho ulipanda, ukasimama, ukashuka, na mwenyewe akapiga goti moja kwenye majani ya migomba akasema, "Shikamoo, mjomba." Mzee alicheka mpaka akaketi chini. Kamera ilikuwa inakwenda. Hayo yote yalirekodiwa.

Deo akakasirika. Akavua kofia yake, akavaa lile shati la akiba, akaning'iniza gunia la pumba za mpunga kwenye mgomba kwa kimo cha uso wa mzee, akalipiga ngumi huku akijichukua picha kwa karibu, mkono tu na bega. Kisha akamchukua Mzee Andrea peke yake, akigeuza uso na kuanguka juu ya godoro lililofichwa kwa majani makavu. Mzee alitakiwa kulia, "Jofrey! Unanipiga mimi, mjomba wako?" Jofrey lilikuwa jina la kijana kwenye hadithi. Lakini mzee alishazoea kumwita mpwa wake kwa jina lake, na pale alipoanguka kwa nguvu zake zote za Pilato, akalia, "Stefano! Unanipiga mimi, mjomba wako?" Sauti ile ilipanda mpaka kwenye nyumba za juu. Deo akasema waiache, imetoka rohoni. Walirudia na jina la Jofrey, ikawa baridi. Wakaichukua ya Stefano.

Tuliporudi mjini Eufrazia alikaa na vipande vile muda mrefu. Siku moja akaja mezani kwangu akachukua rili mbili za uzi, nyekundu na nyeupe, akaziweka zinatazamana.

"Nyekundu ni Stefano, nyeupe ni mzee. Chora mstari katikati yao. Kamera ikikaa upande huu wa mstari, Stefano yuko kushoto daima, anatazama kulia. Ikiruka mstari, ghafla yuko kulia, na mtazamaji anachanganyikiwa, hajui nani anampiga nani. Deo alipopiga gunia, namshukuru Mungu, alikuwa upande wetu. Ngumi yake inakwenda kulia, kama mkono wa Stefano ulivyokuwa unakwenda."

Halafu akanieleza lililo kubwa. Huunganishi mkono ukiwa umesimama. Unaunganisha mkono ukiwa njiani. Stefano anainua, na kabla mkono haujaanza kusita unauacha, unauchukua mkono wa Deo ukiwa tayari unashuka kwa kasi ileile. Jicho la mtu linaufuata mwendo, na kwa kuwa mwendo haukukatika, linadhani ni mkono mmoja. Kisha uso wa mzee, ukiwa umeshaanza kugeuka. Ngumi yenyewe haigusi chochote popote. Inagusa kichwani mwa anayetazama.

Sauti aliitengeneza kwa kabichi. Alinunua kabichi kubwa sokoni, akaipiga kwa konde mpaka ikapasuka, na sauti ile akaianzisha nukta moja kabla ya picha kubadilika, ili sikio livushe jicho. Deo alikuwa amesahau kuvua pete yake. Eufrazia aliikuza picha kidogo, akaisogeza, pete ikabaki nje. Mkono wa Deo ni mweupe kuliko wa Stefano. Akautia giza mpaka ukawa wa mkulima. Kila kitu ambacho kingekuja kumwokoa Stefano, Eufrazia alikifuta kwa mikono yake, kwa subira na kwa mapenzi ya kazi.

Alipomaliza akaniita. Mimi niliyekuwepo pale kwenye migomba, mimi niliyeshona mashati yote mawili, niliruka kutoka kwenye kigoda nikaziba mdomo: "Masikini mzee!" Eufrazia akacheka, na ilikuwa nadra kumwona akicheka. Alijivunia, na alikuwa na haki.

Masika ile Mzee Andrea akapata kiharusi akiwa shambani kwake, akafa baada ya siku chache. Stefano alimbeba kumpeleka zahanati, Stefano alichimba kaburi, Stefano alilia kuliko watoto wa marehemu. Filamu ilikuwa bado haijatoka. Deo alikosa mtu wa kuinunua, na ili kuitangaza akaikata ile sini ya ugomvi peke yake akaitupa mtandaoni. Hakuweka jina la filamu, hakuweka maelezo. Mwanzo unaona migomba, mwisho unamwona mzee yuko chini analia jina la Stefano.

Mnajua simu zinavyokwenda. Ikashuka mjini, ikapanda milimani, ikaingia kwenye magrupu ya jumuiya na ya kwaya. Kule juu wakaona mzee wao, ambaye kaburi lake halijaota majani, anapigwa ngumi na mpwa wake kwenye migomba yake mwenyewe. Walijua palikuja watu wa kamera, lakini ngumi ile kwao ilikuwa ngumi ya kweli. Na wako waliokumbuka kwamba siku fulani walisikia ile sauti kutoka bondeni. Wakaunganisha wenyewe: alipigwa, akaanguka, akafa. Hakuna aliyewafundisha kuunganisha namna ile.

Lukolo wakaketi. Kiongozi wao sasa alikuwa Mzee Elia, mtoto wa mama mdogo wa marehemu. Uamuzi wao ulikuwa hivi: Stefano akiri kaburini kwa marehemu, mbele ya ukoo, kwamba alimpiga mjomba wake, aombe radhi, na shamba la kijito libaki kwake. Akikataa kukiri, shamba lirudi kwenye ukoo na yeye atafute pa kwenda na watoto wake. Stefano akampigia simu Eufrazia. Nilimsikia Eufrazia kupitia zile mbao akisema, "Usikiri. Usikiri kitu. Nakuja."

Tukamtafuta Deo. Bwana mkubwa alikuwa ameingia mitini. Tulipompata kwenye simu alisema yuko Dar, ana mambo mengi, halafu akacheka: "Hao washamba hawajui filamu?" Nilimtukana matusi ambayo sitayaandika hapa, na nikimpata leo nitayarudia yote.

Tulipanda Mgeta kwa gari la mboga, tumekaa juu ya matenga matupu, Eufrazia amekumbatia kompyuta yake kifuani kwa baridi. Njia nzima alikuwa na furaha, Mungu anisamehe, na mimi nilikuwa nayo. Tulikuwa na kila kitu. Video ya Stefano akishusha mkono, akipiga goti, akisema shikamoo, ilikuwa ndani ya ile kompyuta, nzima. Tulijua kufikia jioni tutakuwa tunakula njegere kwa Stefano.

Walikuwa wamekaa kwenye uwanja wa nyumba ya marehemu, wazee kwenye mabenchi, wanawake kwenye mikeka. Rosa, mama yake Stefano, alikaa nyuma, khanga imefunika kichwa. Hakumtazama mwanawe. Mwanawe alikaa peke yake upande mwingine, amekonda.

Eufrazia akawaamkia wazee wote, "Shikamooni," akaweka kompyuta juu ya meza. Akawaonyesha kwanza ile sini kama ilivyo. Wanawake wakaanza kulia upya. Hilo lilikuwa kosa la kwanza, lakini angefanyaje? Kisha akaipeleka polepole na kuisimamisha.

"Hapa ni mkono wa Stefano," akasema. "Na hapa, kuanzia hapa, ni mkono wa Deo, yule dairekta. Anapiga gunia la pumba. Na hapa ni mzee, yuko peke yake, anaangukia godoro. Hawakugusana."

Wazee wakainama wakatazama. Akairudisha mara nyingi. Wao waliona shati moja, mkono mmoja, rangi moja, ukitoka kwa Stefano na kufika kwa mzee. Mmoja akauliza mkono wa pili uko wapi. Eufrazia akamwonyesha tena kwa kidole. Mzee akatikisa kichwa, si kwa ukaidi. Alikuwa anajitahidi kweli kuuona.

Nikasimama mimi. Nikawaambia mimi ndiye niliyeshona, na mashati yalikuwa mawili.

"Mama," Mzee Elia akanijibu kwa upole, "watu wakipigana mashati huchanika. Kuwa na la pili si ajabu."

Nikaanza kupayuka. Eufrazia akanivuta nikae. Akasema, "Wazee wangu, hayo yaacheni. Tazameni hii." Akafungua ile ya Stefano akishindwa. Ikaanza: Stefano anainua ngumi, anasita, inashuka. Anapiga goti. "Shikamoo, mjomba." Na mzee, akiwa hai kabisa, anacheka na kuketi chini. Rosa akasimama kule nyuma kuona vizuri. Nilisema moyoni, alhamdulillah, yamekwisha.

Mzee Elia hakuwa mjinga. Ningependa angekuwa mjinga, ningemchukia kwa raha zangu. Alikuwa mtu wa haki aliyetaka kujua ukweli wa ndugu yake. Akatazama mpaka mwisho, akaomba irudiwe, akatazama tena.

"Binti yangu," akasema, "hii umeiunganisha wapi?"

"Hii haikuunganishwa, babu. Hii ni kama ilivyotokea. Haina mkato hata mmoja."

"Na ile ya kwanza, tulipoiona kwenye simu, tuliona mahali ilipounganishwa?"

"Hamkuona."

"Na leo, ulipotuonyesha kwa kidole, tumeona?"

"Hamkuona."

"Unaweza kuchukua mkono wa mtu mwingine ukauweka kwenye bega la mtoto wetu, na sisi tusijue. Umetuambia mwenyewe, na mimi nakuamini. Basi niambie, mtu anayeweza kumfanya Stefano apige, atashindwa nini kumfanya Stefano apige goti?"

Nilimtazama Eufrazia. Nimekaa naye jirani muda mrefu, nimemwona akijibishana na maharusi, na maparoko, na Deo, na kila mara akawashinda. Safari hii alisema, kwa sauti ambayo wa nyuma hawakuisikia, "Naapa, babu." Basi. Ujuzi wote ule, na mwisho wake ni kuapa kama mtu aliyekutwa na kuku wa jirani.

Rosa akaketi. Akajifunika khanga tena.

Wazee wakasogea pembeni wakanong'ona. Waliporudi, Mzee Elia alisema kwamba mwanzo Stefano alikuwa na kosa moja, na sasa yamekuwa mawili, kwa kuwa ameleta watu wa mjini na mashine kuja kuwachezea wazee akili juu ya maiti ya ndugu yao. Hata hivyo hawatazidisha adhabu. Maneno yao ni yaleyale: akiri leo, kabla jua halijazama, au aondoke shambani kesho. Alisema hayo bila hasira, na sikuona pa kumshika.

Eufrazia akamvuta Stefano nyuma ya nyumba, nami nikawafuata. Alimwomba. Simjui Eufrazia wa kuomba, lakini siku ile aliomba, amemshika mikono yote miwili. Akamwambia akikiri hapatakuwa tena na mtu wa kuamini vingine, hata watoto wake wakikua. Akamwambia atamleta Deo hata kwa kamba. Akamwambia yako mashamba mengine, yeye atamsaidia kuanza, waende Mzumbe, waende popote.

"Dada Eufrazia," Stefano akasema, "huo ukweli wako una maji? Unaota kabichi?"

Alikwenda. Kaburi lilikuwa hapo karibu, chini ya migomba ileile. Ukoo wote ukasimama kulizunguka. Stefano akapiga magoti yote mawili kwenye udongo akasema, "Mjomba, nilikupiga. Nisamehe." Sauti haikutetemeka. Mzee Elia akachota maji akayamwaga juu ya kaburi, na mama yake, Rosa, akapita katikati ya watu, akamwekea mwanawe mkono kichwani, akalia kwa sauti. Hakuwa amemgusa tangu video ifike. Watu wakaanza kumshika Stefano mkono, mmoja mmoja. Walikuwa wamefurahi. Walikuwa wamempata mtoto wao. Mimi na Eufrazia tulisimama kando na kompyuta yetu, na roho iliniuma kiasi kwamba nilitamani kumzaba mtu kofi, na hakukuwa na wa kumzaba.

Shamba hawakulichukua. Neno lao walilitimiza.

Stefano alitusindikiza mpaka barabarani kusubiri gari la mboga. Alikuwa mwepesi, anatembea kama mtu aliyetua mzigo, ameshika kabichi tatu za kutuzawadia. Eufrazia hakuweza kumtazama. Alisema tu, "Nisamehe, Stefano. Nimekufanya useme uongo juu ya kaburi la mjomba wako."

"Sikusema uongo, dada."

Akaweka zile kabichi chini, akapangusa mikono kwenye suruali. Alisema kwa utulivu, kama anayemweleza mgeni njia.

"Ile video nimeitazama mara nyingi mno. Nalala nayo. Nakumbuka mkono ulivyoondoka begani, nakumbuka uso wake ulivyogeuka, hata uchungu wa vidole naukumbuka. Haya mengine uliyotuonyesha leo, ya kupiga goti na kumwamkia, ndiyo siyakumbuki kabisa." Akamtazama Eufrazia usoni, bila ubaya wowote. "Hayo uliyatoa wapi?"